Jiko jembamba la futi 6 kwa 10: kulipanga, kulijenga na kulipamba kwa nyumba za Mtwara na Lindi

Katika jiko jembamba, kitu cha kwanza kupangwa ni njia ya kupita. Kaunta, kabati, friji na rafu hugawana kinachobaki. Wengi huanza upande wa pili: wananunua kabati zuri dukani, wanaliingiza, kisha wanagundua kwamba mlango wa friji haufunguki wote na mpishi analazimika kutoka nje ili mwenzake apite na ndoo.

Jambo la pili ni la pwani yetu. Hewa ya Mtwara, Mikindani au Lindi mjini ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Bawaba inayodumu miaka mingi Dodoma, hapa huota kutu mapema, na bodi za unga wa mbao uliogandishwa huvimba. Kwa hiyo vipimo vifuate mwili wa mpishi, na vifaa vifuate bahari.

Pima chumba, usiamini ramani

Futi 6 ni mita 1.83, lakini hutazipata zote. Lipu hula sentimita 1.5 kila upande, na kigae pamoja na gundi yake sentimita 1.5 nyingine. Ukiviweka vyote ukuta wa kulia na wa kushoto, unabaki na mita 1.77. Kama mchora ramani alipima kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, na tofali ni la inchi 6, ondoa tena sentimita 15: hapo jiko lako ni la mita 1.62 na mpango mzima unabadilika.

Pima upana sehemu tatu: mlangoni, katikati na mwisho wa chumba. Kila sehemu pima mara mbili, chini karibu na sakafu na juu usawa wa kifua. Andika kipimo kidogo kuliko vyote, hicho ndicho cha kupangia. Weka timazi kwenye kila kona. Ukuta uliolala sentimita 2 hausumbui hadi siku seremala anapoleta kabati lililonyooka. Mwisho chora mahali pa dirisha, mlango, bomba na swichi, pamoja na urefu wake kutoka sakafuni.

Sakafu ipimwe kwa hesabu ya vigae vyake. Kama bado ni zege tupu, kigae na mota yake vitapandisha sentimita 3 hadi 4. Fundi asiyelikumbuka hili hujenga kaunta ya sentimita 88 ambayo vigae vikishawekwa inabaki 84, na mgongo wa mpishi ndio unaolipa.

Gawa upana

Mtu mmoja anayepika, anayeinama kutoa sufuria na kugeuka na maji ya moto, anahitaji njia ya sentimita 90. Wawili wapishane, ziwe 105 hadi 110. Chini ya 80 kila mtu anayeingia anamsukuma mpishi, na penye mafuta ya moto hilo si jambo la kuvumilia.

Kwa upana wa mita 1.77: kaunta ya sentimita 60 upande mmoja inaacha njia ya 117. Unaweza kuongeza rafu nyembamba ya sentimita 25 upande wa pili na bado ukabaki na 92. Usiweke kaunta mbili za 60. Njia itakuwa ya 57. Kwa upana wa mita 1.62, weka kaunta moja ya sentimita 55 na uache upande wa pili mtupu, isipokuwa ndoano za kutundikia. Kaunta mbili zinazotazamana zinaanza kufaa chumba kikifika mita 2.2 na zaidi, moja 60 na nyingine 50.

Mlango unaofungukia ndani unakula eneo lenye thamani kuliko yote. Ugeuze ufungukie nje, au weka wa kuteleza kwenye reli ya juu. Ikiwa jiko linaangalia korido tu na ndani ya nyumba hakuna haja ya kufunga, ondoa mlango kabisa.

Panga mstari wa kazi

Chukulia mlango uko kwenye ukuta mfupi, dirisha kwenye ukuta mfupi wa mbele yake, na kaunta inafuata ukuta mrefu wa nje. Kutoka mlangoni: friji sentimita 60, sinki 75, sehemu ya kukatia 80, jiko la gesi 85. Jumla ni mita 3. Chakula kinatoka kwenye friji, kinaoshwa, kinakatwa, kinaingia motoni, bila mtu kurudi nyuma. Friji iko karibu na mlango ili watoto wachukue maji bila kupita nyuma ya mpishi. Zile 85 za mwisho ni jiko la meza la plati mbili, ambalo mara nyingi huwa na upana wa 70 hivi, na sentimita 15 za nafasi ya kiwiko kabla ya ukuta. Ukilibana jiko kwenye kona, mpini wa sufuria utagonga ukuta kila ukikoroga.

Kama nafasi haitoshi, cha kwanza kutolewa ni friji. Iende sebuleni au koridoni. Sehemu ya kukatia isipungue 60 hata kwa dawa.

Si kila kazi iwe ndani. Kuparua samaki, kukuna nazi, kutwanga na kuchoma mihogo kwa mkaa vina mahali pake uani. Jiko la mkaa ndani ya chumba cha namna hii ni hatari: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na chumba kidogo hujaa upesi. Jengea kibanda cha bati nyuma, hata cha mita 1.5 kwa 1.5, na jiko la ndani litabaki safi.

Kabla ya kununua chochote, chora mpango wote sakafuni kwa chaki na uweke meza na maboksi mahali pa kaunta na friji. Pika hapo mlo mmoja kamili. Makosa yatajionyesha yenyewe, na chaki inafutika.

Urefu wa kaunta, na habari ya ugali

Mpishi asimame bila viatu, akunje mkono, upimwe urefu wa kiwiko kutoka sakafuni. Toa sentimita 12 hadi 15. Kwa mtu mwenye kiwiko cha mita 1.02, kaunta ni 88.

Hapo ndipo michoro mingi ya majiko inapotukosea, kwa sababu imechorwa kwa watu wasiosonga ugali. Kaunta ya 88, jiko la gesi la meza sentimita 12, sufuria 15: mdomo wa sufuria uko mita 1.15, juu ya kiwiko kwa sentimita 13. Huwezi kusonga ugali wa watu sita hapo; utaning'inia kwenye mwiko. Shusha sehemu ya jiko hadi 72, mdomo wa sufuria uje 99. Hapo panatokea ngazi ya sentimita 16 kati ya sehemu ya kukatia na jiko.

Upepo, hewa na gesi

Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Oktoba, na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Zote mbili zina asili ya mashariki. Kwa hiyo hewa safi iingilie upande wa mashariki, na moshi na mvuke vitolewe upande wa magharibi. Feni ya kutolea moshi ikiwekwa ukuta wa mashariki itashindana na upepo mwaka mzima. Chumba cha mita 1.77 kwa 3 chenye dari la mita 2.7 kina mita za ujazo 14. Feni inayotoa mita za ujazo 150 hadi 200 kwa saa inatosha, na ile ya inchi 6 kwa kawaida hufikia hapo.

Usiweke jiko la gesi chini ya dirisha lenyewe. Upepo huzima moto mdogo, gesi ikaendelea kutoka. Liwe pembeni ya dirisha, angalau sentimita 40, na dirisha hilo lisiwe na pazia.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo inapovuja hutuama sakafuni. (Ile inayochimbwa Mnazi Bay ni gesi asilia, nyepesi kuliko hewa, hupanda juu. Wanaochanganya hizi mbili huishia kutoboa tundu mahali pasipofaa.) Kwa mtungi, acha matundu mawili ya sentimita 10 kwa 20 chini ya ukuta wa nje, karibu na sakafu, yafunikwe kwa wavu. Yasielekee kwenye shimo wala chemba.

Ni bora mtungi ukae nje, kwenye kizimba cha chuma chenye matundu chini, kivulini. Kinachopenya ukuta kiwe bomba la shaba ndani ya bomba jingine la kulilinda. Mpira usipitishwe ndani ya ukuta, kwa kuwa ukikatika humo hutauona. Mpira ubaki ule mfupi wa mwisho, usiozidi mita 1.5, ufungwe kwa klipu za chuma pande zote mbili. Pima mvujo kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Tarehe iliyochapishwa kwenye mpira ikipita, nunua mwingine hata kama unaonekana mzima.

Maji na umeme kabla ya lipu

Bomba la maji machafu la inchi 1.5 lipewe mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Sinki likiwa ukuta wa nje, bomba linatoka moja kwa moja na kona zinakuwa chache. Chini ya sinki weka mtego wa maji (kipande cha bomba kilichopinda) wa kufunguka kwa mkono. Nje jenga chemba ndogo ya mafuta ya sentimita 40 kila upande, yenye mfuniko unaoinuka. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Juni na Julai yanatosha kuziba bomba la kona tatu. Chemba hiyo isafishwe kila mwezi.

Maji ya bomba yanakatika, na jiko lipangwe kwa kujua hivyo. Acha wazi, bila mlango, sehemu ya sentimita 45 chini ya kaunta pembeni ya sinki kwa ndoo mbili zenye mifuniko.

Umeme: nyaya za soketi ziwe za milimita 2.5 za mraba zenye ethi, soketi zikae sentimita 15 hadi 20 juu ya kaunta na angalau 60 kutoka ukingo wa sinki. Friji iwe na soketi yake. Taa moja ya katikati ya dari haitoshi: mpishi anayetazama ukuta huiziba kwa mgongo wake na kukata vitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Weka taa ya mstari ya LED chini ya rafu ya kwanza, mbele, ikimulika kaunta.

Kumwaga kaunta ya zege

Kwa pwani tunapendelea zege kuliko kaunta ya mbao. Haivimbi na mchwa hawaili. Lakini ikifanywa vibaya hupasuka kutoka ndani, na mara nyingi chanzo ni chumvi.

Mchanga wa ufukweni usitumike, hata ukioshwa mara mbili. Chumvi yake hula nondo. Nondo ikiota kutu inavimba na kulipua zege. Maji ya kisima yenye ladha ya magadi au chumvi nayo usiyatumie. Yaonje: kama huwezi kuyanywa, usikorogee zege lenye nondo.

Vitu vya kaunta ya mita 2.4 kwa sentimita 60, unene sentimita 7 (friji inakaa sakafuni, haihesabiwi):

- saruji mfuko 1 wa kilo 50
- mchanga wa mto au wa shimo, ndoo 3 na nusu za lita 20
- kokoto ndogo, ndoo 7
- maji safi lita 25 hadi 28, yasizidi
- nondo za milimita 10, vipande 2 vya mita 12
- waya wa kufungia, mbao za boksi na nguzo za muda

Zege litabaki. Lifae kizingiti cha chini.

Jenga kuta fupi za tofali: moja kati ya friji na sinki, moja kati ya sinki na sehemu ya kukatia, moja penye ngazi, na ya mwisho kando ya ukuta wa dirisha. Kwa kaunta ya 88, kuta ziwe 79 kutoka sakafu iliyokamilika, kwa sababu zege ni 7 na juu yake panakuja sentimita 2 za umaliziaji. Kwa jiko, ziwe 63. Kuta zirudi nyuma sentimita 10 kutoka ukingo wa kaunta ili vidole vya miguu vipate pa kuingia.

Piga boksi, hakiki kwa pima maji. Weka kisanduku cha mbao mahali pa sinki kwa kufuata sinki lenyewe, ambalo lazima liwe limeshanunuliwa. Vipimo vya kuambiwa kwa simu vimeshaharibu kaunta nyingi. Funga nondo kila sentimita 15 pande zote mbili, uziinue sentimita 2.5 kutoka kwenye ubao kwa vijiwe vya saruji. Nondo iliyolala juu ya ubao itaonekana kwa chini ikishakauka, na hiyo ndiyo mlango wa kutu. Ukingo wa mbele upite kuta, na chini yake bandika kijiti cha milimita 10 kiache mfereji mdogo, ili maji yanayomwagika yadondoke yasirudi kwenye milango ya kabati.

Mwaga siku moja bila kukatiza, shindilia kwa kipande cha nondo, funika kwa magunia mabichi. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Mbao za chini zisitolewe kabla ya siku 10.

Juu ya zege, graniti ya sentimita 2 au terazo ndio umaliziaji mzuri. Niru, yaani saruji laini ya kusawazisha juu, ni rahisi kwa bei, lakini ndimu na siki huila ikawa na madoa ya chokaa. Vigae vinafaa, ila groti yake, ile saruji ya kujazia kati ya kigae na kigae, hushika pilipili na manjano; ukivitumia, chagua vikubwa na groti ya kijivu.

Milango ya kabati na rafu

Mninga na mkongo, zinazopatikana katika mikoa hii, hustahimili mchwa na unyevu. Mbao laini ya msonobari isiyotiwa dawa usiiweke karibu na sakafu. Bodi za unga wa mbao zilizobandikwa karatasi zinavutia dukani, lakini maji yakiingia kwenye ukingo mmoja huvimba na hazirudi. Ukilazimika kutumia bodi, iwe plaiwudi ya kuhimili maji, na kingo zote zipakwe vanishi mara tatu, hata zile zisizoonekana.

Bawaba na skrubu ziwe za shaba nyeupe isiyoshika kutu au stenlesi. Beba sumaku dukani: bawaba inayong'ang'ania sumaku kwa nguvu ni chuma cha kawaida kilichong'arishwa. Sumaku isiponasa haithibitishi kwamba ni ya daraja la juu, lakini angalau mbaya kabisa umeishaitoa.

Rafu ya kwanza ya ukutani ianze sentimita 50 juu ya kaunta, kina chake 25 hadi 28. Ikizidi hapo utaigonga kwa paji la uso. Ya pili iwe 30 juu yake. Zaidi ya mita 1.9 weka sinia za shughuli tu. Juu ya jiko la gesi pasiwe na rafu kabisa.

Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mikindani, zinataka adabu yake. Skrubu haishiki kwenye lipu ya chokaa, hivyo rafu isimame sakafuni kwa miguu yake na kushikwa ukutani kidogo tu isiyumbe. Na usipige lipu ya saruji juu ya chokaa: unyevu unaopanda ukutani utakosa pa kutokea na lipu itabanduka kama ganda.

Vigae

Ukutani, kati ya kaunta na rafu, chukua vigae vya sentimita 30 kwa 60 na uvisimamishe. Kwa mita 2.4, vigae 8 vinatosha safu nzima kwa urefu wa 60 bila kukata kwa juu. Chini ya rafu vitazidi sentimita 10 na kujificha nyuma yake. Nunua 10. Penye ngazi ya jiko ongeza kipande cha kuziba pengo la sentimita 16. Kona ya kaunta na ukuta ijazwe silikoni, isiwe groti, kwa sababu vitu hivi viwili husogea tofauti na groti itapasuka.

Sakafuni chagua kigae kisichoteleza, hata kama chenye kung'aa kinapendeza zaidi. Vilaze kwa upande mrefu ukikata upana wa chumba. Mistari ya mkato hupanua jicho, mistari ya urefu huzidisha ukorido. Mteremko sentimita 1 kwa mita kuelekea mlango wa nje.

Rangi na mapambo

Fedha za korosho zikianza kuingia kila mtu anajenga, mafundi wanakuwa adimu, na muda si mrefu mvua zinaanza. Ukipata fedha msimu huo, nunua vigae, sinki na bomba uweke ndani. Saruji usihifadhi: kwa unyevu huu hushika mabonge ndani ya miezi michache. Lipu, vanishi na rangi zifanyike Juni hadi Oktoba, ukuta ukiwa mkavu. Penye unga mweupe wa chumvi, piga brashi kavu hadi uishe, subiri wiki mbili, rudia. Ukiuosha kwa maji unaurudisha ndani.

Kuta ndefu zote mbili ziwe rangi moja nyepesi, nyeupe ya maziwa au kijani hafifu, na dari ile ile. Ukuta mfupi wa mwisho ndio upewe rangi nzito: buluu ya bahari, au nyekundu ya udongo. Unavutwa karibu na chumba kinaacha kuonekana kama korido. Rangi ya mafuta isiyong'aa sana inafutika kwa kitambaa; ya maji hunywa mvuke wa kitoweo.

Mapambo yasikae kwenye kaunta. Kawa za ukili zenye rangi, ungo na kifumbu vikitundikwa ukuta wa pili kwa mstari mmoja usawa wa macho ni pambo tosha, na vinachukuliwa vikihitajika. Mbuzi ya nazi ikunjwe na itundikwe chini yake kwa ndoano mbili. Kinyago au mwiko wa mpingo uwe karibu na mlango, mbali na mvuke.

Anayetaka kanga badala ya milango ya kabati afanye hivyo chini ya sinki na chini ya sehemu ya kukatia tu, kamwe si chini ya jiko. Kanga ipite kwenye waya wa stenlesi, na pindo lake liishe sentimita 8 juu ya sakafu ili ufagio upite na maji ya kudeki yasilifikie.